Yaya amepandikizwa mapafu: je, miaka saba ndiyo mwisho wake?

Swali: Docta, jambo sana. Yaya yangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, ana miaka 43, anaishi Ubelgiji. Mwezi wa tatu mwaka huu alipandikizwa mapafu yote mawili kwa sababu ya fibrozi, yaani mapafu kujaa kovu na kukakamaa. Alilazwa wiki saba, akarudishwa chumba cha mahututi mara moja, sasa yuko nyumbani kwake na anatembea. Kwenye simu alimwambia mama kwamba nusu ya waliopandikizwa mapafu hawavuki miaka sita au saba. Tangu siku ile mama hali chakula vizuri, anasema mtoto wake amepewa tarehe ya kufa. Kaka yetu mkubwa anasema mapafu mapya ni mapafu mazima, mengine ni maneno ya kututisha tu. Yaya anataka kuja Lubumbashi kwa Noeli. Tumwamini nani, na tumwandalie nini? (Mdogo wake, commune ya Kenya, Lubumbashi)

Jibu: Dada yangu, salamu kwako na kwa mama. Nianze na mama, kwa kuwa ndiye asiyekula.

Mwambie kwamba yaya hakupewa tarehe. Alichosikia ni hesabu ya watu maelfu, na yeye akaisikia kama habari ya mtu mmoja. Hesabu hiyo inatoka kwenye daftari la kimataifa ambamo vituo vingi vya upandikizaji huandika wagonjwa wao. Chukua watu wazima waliopandikizwa mapafu kati ya 2010 na 2017, uwapange mstari mmoja, aliyeishi siku chache awe mwanzoni na aliyeishi zaidi awe mwishoni. Yule anayesimama katikati kabisa aliishi miaka 6.7. Nusu ya watu wako nyuma yake, nusu wako mbele yake, na hao wa mbele hakuna aliyewawekea ukuta. Miongoni mwa waliopandikizwa zamani wapo waliovuka miaka 20.

Tena mstari huo unachanganya watu wasiofanana. Ndani yake wamo waliofariki mezani au juma la kwanza, wamo wazee wa miaka 70, wamo waliopata pafu moja tu. Ukiwaondoa waliofariki kabla ya kutimiza mwaka, mtu wa katikati anasogea hadi kupita miaka 8. Wenye mapafu mawili mapya kwa jumla huishi zaidi ya wenye moja. Yaya ana miaka 43, ana mapafu mawili, na miezi iliyo mibaya kuliko yote amekwisha kuipita kwa sehemu kubwa. Simwahidi mama miaka fulani. Ninachosema ni kwamba yaya hasimami mwanzoni mwa ule mstari.

Sasa kaka. Naelewa anachokitaka: anataka jambo liwe limekwisha. Lakini pafu lililopandikizwa si kama pampu ya gari iliyobadilishwa. Moyo uliopandikizwa, mtu wake wa katikati huishi zaidi ya miaka 12. Mapafu yako nyuma sana ya hapo, na sababu yake mtu yeyote anaweza kuielewa. Moyo na figo vimefungiwa ndani ya mwili. Pafu mlango wake uko wazi nje mchana na usiku, hewa kama lita elfu kumi kila siku, na vumbi, moshi, kuvu na virusi vyote vinaingia humo. Kinga ya mwili inakaa macho kwenye pafu kuliko kwenye moyo au figo. Na ni kinga hiyohiyo ambayo yaya anameza dawa kuilaza, ili isiyashambulie mapafu ya mtu mwingine. Akiilaza sana, vijidudu vinashinda. Akiilaza kidogo, mwili unayakataa mapafu. Maisha yake yatakuwa kutembea kati ya hivyo viwili, na mnaompenda mnapaswa kujua njia hiyo ilivyo nyembamba.

Historia yenyewe inatuhusu kuliko tunavyojua, sisi wa mji uliojengwa juu ya shaba. Upandikizaji wa kwanza wa pafu kwa binadamu ulifanywa na James Hardy huko Jackson, Mississippi, tarehe 11 Juni 1963. Mgonjwa aliishi siku 18, akafa kwa figo. Wa pili ninayependa kumtaja ni kijana wa miaka 23 aliyepandikizwa pafu Novemba 1968 huko Ghent, Ubelgiji, na Fritz Derom. Alikuwa na silikosi, kovu la mapafu litokanalo na vumbi la mawe, kutokana na kazi ya kupuliza mchanga, ugonjwa uleule ambao wazee wengi wa migodi yetu wameubeba kifuani bila hata kupimwa. Aliishi miezi kumi. Leo miezi kumi inaonekana kidogo, lakini kwa zaidi ya miaka kumi iliyofuata hakuna aliyemfikia. Mpaka 1983, Toronto, Joel Cooper alipompandikiza pafu mtu mwenye fibrozi, ugonjwa wa yaya, naye akaishi zaidi ya miaka sita. Kilichobadilika ni dawa ya kulaza kinga iitwayo siklosporini, pamoja na kujua namna ya kulinda pale bomba la hewa linaposhonwa.

Hapo penye mshono ndipo nianze kukueleza zile wiki saba.

Mpasuaji hushona vitu vitatu kila upande: bomba la hewa, ateri inayoleta damu kutoka moyoni, na kipande cha moyo ambamo vena za pafu huingilia. Lakini kuna vijishipa vyembamba sana vinavyoulisha ukuta wa bomba lenyewe, na hivyo kwa kawaida haviungwi. Ncha ya bomba jipya inabaki na njaa ya damu kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mshono unaweza kuchelewa kupona ndani ya mwezi wa kwanza, au ukapona kwa kovu linalobana njia miezi michache baadaye. Yaya akiwaambia siku moja kwamba wamempanulia bomba kwa puto, au wamemwekea kijibomba cha kulishikilia lisibane, msidhani pafu limekufa. Ni kazi ya fundi, inarudiwa ikihitajika, na wengi hupumua vizuri baada yake.

Kabla ya mshono kuleta maneno, kuna siku tatu za kwanza. Pafu limekaa saa kadhaa kwenye baridi bila damu. Damu inaporudi ghafla, pafu huvimba kwa ndani na kujaa maji, na mirija ya limfu iliyokuwa ikiondoa maji imekatwa. Saa 72 hizo madaktari hupima oksijeni na kutazama picha ya kifua wakilinganisha. Ikiwa kali, mgonjwa hukaa zaidi kwenye mashine ya kupumulia, na mara nyingine damu yake hupitishwa nje ya mwili kutiwa oksijeni mpaka pafu litulie. Wengi hupona. Lakini waliopita hali hiyo kwa ukali wana hatari zaidi ya pafu kudhoofika miaka ya mbele, kwa hiyo ni jambo la kumuuliza yaya kwa upole: zile siku tatu zilikuwaje?

Mengine ya mwezi wa kwanza nayapita haraka: damu kuvuja kifuani, maji kujaa kando ya pafu, moyo kupiga bila mpangilio, figo kuchoka, damu kuganda miguuni, mtu kuchanganyikiwa usiku asijue yuko wapi. Kurudishwa chumba cha mahututi mara moja, kama yaya, hutokea kwa wengi na si alama ya bahati mbaya ijayo.

Jambo moja la upasuaji halisahihishwi kwa urahisi, nalo familia hulipuuza kwa sababu halionekani. Neva zimekatwa. Chini ya mshono, mapafu hayana hisia. Sisi makohozi yakikusanyika koo huwasha, tunakohoa bila kufikiri. Yaya hahisi. Anaweza kuwa na nimonia inayoanza akiwa anacheka nanyi mezani. Ndiyo maana alifundishwa kukohoa kwa makusudi na kufanya mazoezi ya kifua, na akifanya hivyo mbele ya wageni msimwambie aache. Neva zinazoongoza tumbo nazo mara nyingi huumia. Chakula hukaa tumboni muda mrefu, asidi hupanda usiku na kudondoka mapafuni tone kwa tone, na tone hilo huharibu. Bukari nzito saa nne za usiku na kwenda kulala hapohapo, hiyo kwake imekwisha. Ale mapema, ale kidogo mara nyingi, alale kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa.

Katika mwaka wa kwanza, baada ya mwezi ule wa hospitali, kinachoua zaidi ni maambukizi. Bakteria ndio wengi. Kuna kirusi kiitwacho sitomegalovirusi ambacho watu wazima karibu wote wa kwetu tunacho kimelala mwilini, nacho huamka kinga ikilala. Kuna kuvu la aspergilasi, lililomo kwenye vumbi, majani yaliyooza na kuta zenye unyevu. Kotrimoksazoli ambayo yaya huenda atameza maisha yake yote si dawa iliyosahaulika kwenye orodha. Inamlinda na nimonia ya kuvu ambayo kwa mtu kama yeye huua. Mtu wa famasi au jirani akimshauri aiache kwa sababu "umeimeza sana", jibu ni hapana.

Mwili kuyakataa mapafu kwa ghafla hutokea kwa takribani mgonjwa mmoja kati ya wanne katika mwaka huo huo. Mara nyingi hasikii chochote. Huonekana wanapoingiza kamera kwenye bomba la hewa na kunyofoa vipande vidogo vya pafu, na hutibiwa kwa siku chache za dawa nyingi za steroidi mshipani. Hilo linatibika. Hofu yangu ni kile ambacho matukio hayo hupalilia.

Baada ya mwaka wa kwanza, adui mkubwa ni kudhoofika sugu kwa pafu lililopandikizwa. Ndani ya miaka mitano, karibu nusu ya waliopandikizwa hufikwa nalo, na ndilo linaloifanya ile hesabu ya miaka 6.7 iwe fupi. Vijibomba vya mwisho kabisa, vyembamba kama uzi, huanza kuzibwa na kovu, kimoja baada ya kingine. Picha ya kifua inaweza kuonekana safi. Mgonjwa haumwi. Siku moja anagundua kwamba ngazi alizokuwa akizipanda mwezi uliopita leo zinamsimamisha katikati, lakini wakati huo sehemu kubwa imekwisha kwenda na hairudi. Kuna aina nyingine, isiyo ya wengi, ambayo pafu zima hukakamaa, na hiyo huenda mbio zaidi.

Kinachoona mapema ni kupuliza. Yaya lazima anacho kijimashine kidogo cha nyumbani, spiromita. Anapuliza kwa nguvu zote, na mashine inaandika ni lita ngapi zilitoka katika sekunde ya kwanza. Baada ya upasuaji namba hiyo hupanda kwa miezi, kisha hutulia mahali fulani. Madaktari huchukua matokeo mawili bora aliyowahi kuyapata, yaliyoachana kwa wiki tatu au zaidi, na wastani wake ndio unakuwa kimo chake. Ikishuka asilimia 20 chini ya kimo hicho na kubaki huko, bila nimonia wala sababu nyingine ya kuieleza, ndipo tunalitaja jina la ugonjwa. Lakini vituo vingi huwaambia wagonjwa wao wasingoje 20. Ikishuka asilimia 10 siku mbili mfululizo, piga simu.

Nilipokuwa mafunzoni Ulaya nilihudumu miezi 18 kwenye kliniki ya watu hawa. Namkumbuka mwalimu mmoja wa shule aliyepiga simu Jumatatu asubuhi. Alisema kwa aibu kwamba hana anachoumwa, ila namba imetoka 2.9 ikawa 2.6. Tulimwita siku hiyohiyo. Alikuwa na maambukizi ya virusi na mwanzo wa kukataliwa kwa pafu, akatibiwa, namba ikarudi karibu na ilipokuwa. Mwezi huohuo alikuja baba mmoja ambaye spiromita yake ilikaa kabatini tangu Pasaka kwa kuwa alijisikia mzima. Alikuwa amepoteza theluthi. Tulifanya tulichoweza, kovu halikurudi nyuma. Wote wawili walikuwa watu waangalifu, walimeza dawa zao sawasawa. Tangu hapo kila nikiulizwa ni nini kinachorefusha maisha ya hawa watu, sitaji kwanza dawa mpya. Nataja kupuliza asubuhi na kuandika.

Dawa zipo. Azithromisini mara tatu kwa wiki, kwa kipimo kidogo, huwarudishia baadhi yao sehemu ya pumzi, na kituo cha Leuven, hukohuko Ubelgiji, kimefanya kazi kubwa ya kuthibitisha hilo. Zipo njia za kutuliza chembe za kinga kwa kutoa damu, kuiangazia mwanga maalumu na kuirudisha. Kwa wachache sana hufanywa upandikizaji wa pili. Nyingi ya njia hizi husimamisha mteremko. Kupandisha tena ni nadra, kwa hiyo siku ya kugundua ina thamani kuliko dawa yenyewe.

Kuhusu zile za kulaza kinga: kwa kawaida ni tatu, takrolimasi, mikofenolati na prednisoloni. Takrolimasi ilitoka udongoni. Wajapani waliipata mwaka 1984 kwenye bakteria wa udongo wa Tsukuba, na kwa mtu wa Lubumbashi, anayejua udongo unaweza kumpa mtu maisha na kumnyang'anya, naona habari hiyo inafaa kusimuliwa mezani. Humezwa kila baada ya saa 12, na damu hupimwa asubuhi kabla ya kumeza. Akimeza kwanza ndipo atolewe damu, kipimo kinadanganya. Nafasi kati ya kiasi kinacholinda na kiasi kinachodhuru ni ndogo mno. Zaidi ya nusu ya wagonjwa, miaka mitano baadaye, figo zao zimepungua nguvu, wengi zaidi wana presha, wengine kisukari. Saratani nazo huongezeka: limfoma (ya tezi za limfu), za ngozi, na kwa watu wa asili ya Afrika ya Kati tunafikiria pia sarkoma ya Kaposi, kwa sababu kirusi chake kimeenea kwetu. Doa jeusi au la zambarau lisilouma kwenye mguu au ndani ya mdomo halingoji.

Sasa safari. Nitasema wazi, na najua nitawaudhi: asije Noeli hii.

Desemba atakuwa na miezi tisa tu. Bado yuko ndani ya mwaka ambao maambukizi na kukataliwa kwa pafu ni vingi, dawa zake bado zinabadilishwa kila mara, na hapa kwetu ni mvua, mbu wengi, maji machafu. Hakuna kituo nchini Kongo kinachopandikiza mapafu, na kamera ya bomba la hewa pamoja na mtu wa kusoma kipande cha pafu lililopandikizwa si vitu vya kupata kwa siku moja. Ningemshauri aje mwezi wa sita mwaka ujao, akiwa na miezi 15, namba zake zikiwa zimetulia. Mbu wamepungua, baridi imeanza, na moshi wa kuchoma pori bado haujafikia ule wa Agosti na Septemba. Faida nyingine ndogo ninayoipenda: mwezi wa sita saa ya Brussels na ya Lubumbashi ni moja. Akimeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku kule, hapa ni vilevile, hana hesabu ya kukosea. Neno la mwisho ni la timu yake, na waulizwe miezi mitatu kabla, si juma la kuondoka.

Kuna la chanjo ya homa ya manjano, ambalo watu hulifikia wakiwa uwanja wa ndege. Kongo inaidai kwa anayeingia. Chanjo hiyo ina kirusi hai, na yaya haruhusiwi kuchanjwa tena. Lakini ikiwa alichanjwa kabla hajaondoka nchini, atafute ile kadi ya manjano ya zamani, maana tangu Julai 2016 cheti hicho kinahesabiwa ni cha maisha yote. Mama akiwa na sanduku la karatasi, hapo ndipo pa kuanzia kesho. Kama haipo, timu yake imwandikie barua ya kumsamehe, na waseme pia kama hatari ya kuja bila kinga hiyo wanaikubali. Ninyi mtakaokaa naye mchanjwe mafua. Watoto wakitiwa matone ya polio siku za kampeni, asiwabadilishe nepi kwa wiki kadhaa, kwa kuwa kirusi cha chanjo hutoka chooni.

Dawa zibebwe mkononi ndani ya ndege, za muda wa safari mara mbili, na barua yenye majina ya dawa kwa Kifaransa. Takrolimasi ya vidonge haihitaji friji, umeme ukikatika msihangaike nayo. Akae nazo mbali na jua tu.

Nyumbani, chumba chake kisiwe upande wa jiko. Mbabula ya makala isiwashwe ndani wala mlangoni, hata kama usiku wa mwezi wa sita ni baridi, na jenereta ya jirani iulizwe mapema. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa kavu, naye asiwepo. Ukuta wenye kuvu uoshwe na kupakwa rangi mwezi mzima kabla ya kufika, sio siku mbili. Kwenye barabara za vumbi avae barakoa inayobana vizuri. Maji yachemshwe, hata ya kupigia mswaki. Sombe, samaki na nyama viive kabisa na viliwe moto. Saladi za barabarani na maziwa yasiyochemshwa aachane navyo. Balungi, lile wengi tunaloliita pamplemusi, lisiingie nyumbani, kwa sababu hupandisha takrolimasi kwenye damu.

Kuhara, dada, ni jambo ambalo hata baadhi yetu waganga hulisahau. Ungedhani anayehara anapoteza dawa. Takrolimasi hufanya kinyume: hupanda kwenye damu, na figo ambazo tayari hazina maji zinapata kipigo cha pili. Akihara siku nzima, anapimwa.

Homa ikifika 38, saa chache hizo hizo apimwe malaria. Ikiwa ipo, itibiwe, lakini dawa ya malaria ichaguliwe kwa simu na timu yake, kwa sababu baadhi yake hugongana na takrolimasi na kusumbua mapigo ya moyo. Ikiwa malaria ipo, msisimame hapo na kusema tumepata. Mtu wa hali yake anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja. Na kwa kuwa prednisoloni hufunika homa, uchovu usioelezeka au namba ya kupuliza iliyoshuka vina uzito sawa na homa. Dawa za kumkinga na malaria aanze nazo huko kabla ya kupanda ndege.

Hapa mjini kila mtu ana kidonge cha kumpa mgonjwa, na kinatolewa kwa upendo. Kwa yaya, diklofenaki na ibuprofeni ni sumu ya figo. Klarithromisini na flukonazoli hupandisha takrolimasi, rifampisini ya kifua kikuu huishusha mpaka mwili ukayakataa mapafu. Dawa za mizizi na majani hakuna aliyezipima pamoja na zake, na hata kama shangazi amezichimba mwenyewe, zibaki kwa shangazi. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kiasi. Kwa mengine yote, simu kwanza. Andikeni namba ya kituo chake kwenye karatasi, ibandikwe ukutani, maana simu ya mtu mmoja ikizimika chaji usiku hamtakuwa na pa kuanzia.

Kwa sasa, kabla ya mwezi wa sita, kuna kazi ambayo mama anaweza kuianza Jumapili hii. Mnapompigia yaya, mama asimuulize kama anajisikia vizuri, kwa sababu atajibu ndiyo, na pengine atakuwa anasema kweli huku namba inashuka. Amuulize: "Mwanangu, leo umepuliza ngapi?" Aiandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Jumapili inayofuata amuulize tena, na ikiwa chini kuliko ya juma lililopita, amuulize kama amekwisha kupiga simu hospitali.